Nilikuwa Macho ya Tate

Mama na papa, muniruhusu niseme na mukono wangu ku ukuta. Muguu yangu ya kuume haipendi kusimama wakati murefu. Mara tatu muliniomba nishuhudie hapa, mu kikao chetu cha kuacha pombe, na mara tatu nilisema koo inaniuma. Koo haikuwa inaniuma. Leo nitasema.

Sitataja jina ya muntu. Kashebere iko ndogo, barabara ni moja, na wale wa Masisi wanaopita hapa na mizigo yao wanajua nani ni nani. Wengi wa habari hii wangali hai. Kati ya wenye kufa, mumoja mimi niko ndani ya sababu. Kwa hiyo majina yao muniachie.

Yule nitasema sana ni tate wangu, mama mwenye kumuzaa mama yangu. Lakini nianze na mimi.

Nilikuwa motari. Nilibeba watu na pikipiki kati ya Sake na hapa, siku zingine mupaka ndani ya Walikale. Munajua ile barabara. Ku kilima kuko matope, ku barrière kuko watu wenye bunduki, na haujui wale wa leo wako wa upande gani. Nilianza kunywa kanyanga, ile pombe yetu kali, sababu ya woga. Hiyo ni kweli, lakini haiko kweli yote. Woga ulikaa miezi. Kisha woga ukaisha, kanyanga ikabaki.

Siku moja, mbele ya kufika Bihambwe, muchana kweupe, barabara kavu, nililala juu ya pikipiki. Nilikuwa nimebeba papa mumoja. Tukaingia mu mufereji. Yeye akavunjika mukono, mimi muguu. Nikasema pneu ya pikipiki ilipasuka. Yule papa aliniamini, na kule ku hospitali alikuwa anaambia watu wanihurumie. Mwenye pikipiki hakuamini, akaichukua. Mama ya mutoto wangu aliniuliza mara moja tu: pneu ilipasuka kweli? Nikasema ndiyo, kweli. Akafunga vitu vyake, akabeba binti yetu mu mugongo, akarudi kwa wazazi wake hapa Kashebere. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Ndipo mujomba wangu akakuja kunitafuta. Aliniambia kwamba tate macho yake imekufa kabisa, na yuko peke yake kule ku mulima, na yeye mujomba hana muntu wa kutuma. Akasema: "Utakuwa macho yake, yeye atakupa chakula." Alifikiri atatengeneza mambo mbili na safari moja. Mimi nilifikiri kitu kingine. Nilifikiri: kipofu hataona nikikunywa.

Nyumba ya tate ilikuwa juu ya Kibabi, mbali na barabara, saa moja ya kupanda na muguu muzima. Kwangu ilikuwa saa mbili. Zilikuwa nyumba saba, moja chini ya ingine. Yake ilikuwa ya juu kabisa. Nyuma yake kulikuwa shamba ya maharagi, na juu ya maharagi mihogo, na juu ya mihogo majani tu ya ngombe na kichwa ya mulima. Zamani kule juu kulikuwa miti mikubwa. Watu walikata yote miaka ile ya kukimbia vita, moja kwa kuchoma makala, ingine kwa kujenga. Nawaonyesha mahali sababu itawasaidia kuelewa.

Tate hakunikaribisha na machozi. Alisimama ku mulango, akasikiliza vile natembea, akasema: "Muguu moja inavuta. Ndiyo ile ulivunja. Leo ingine pia inavuta. Umekunywa." Kisha akaniwekea bugali na sombe, akanionyesha mahali nitalala.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa na professeur mingi mu masomo, hakuna mwenye alinifundisha kama yule mama ambaye hakujua kuandika jina yake. Alijua mbegu ya maharagi na vidole. Alizichagua jioni ndani ya kikapu, zile zenye kutobolewa na wadudu anatupa, nzuri anaweka, na hakukosea. Alijua nani anapita ku njia kwa miguu yake. Muntu akimuhurumia, anamuambia: "Macho ndiyo ilikufa. Mimi bado."

Alikuwa na sheria moja. Kila asubui, mbele ya kula, muntu azunguke shamba yote, mupaka juu, arudi aseme aliona nini. Alifanya hivyo maisha yake yote. Sasa ilikuwa kazi yangu. Nikirudi ananiuliza, "Uliona nini?" na haitoshi kusema iko muzuri. Anataka kujua maharagi ya upande wa kisima imeanza kutoa maua ao bado, kama panya ilichimba mu mihogo, kama mvua ilibeba udongo ya wapi.

Wiki ya pili nilichoka. Asubui moja nilisimama tu nyuma ya nyumba, nikahesabu wakati, nikarudi, nikasema nimezunguka yote, hakuna kitu. Tate akanyoosha mukono, akashika patalo yangu pale chini ya goti. Akasema: "Iko kavu. Umande wa asubui unafika hapa. Hukuenda."

Nikavuta muguu yangu nyuma.

"Sikiliza, mujukulu wangu. Kama hukuenda, useme hukuenda. Mimi sitakupiga. Nitajua kama leo sina macho, nitakaa na akili ya muntu asiye na macho. Lakini ukisema uliona na hukuona, unanipa macho ya uongo. Iko mubaya kupita upofu."

Hayo maneno ni mazuri. Munadhani nilifanya nini nayo? Kesho yake nilichukua maji mu bido ya plastiki, nikamwanga ku patalo yangu, nikaenda kukaa kwa ule mwenye kupika kanyanga ngambo ya bonde. Nikarudi na patalo ya majimaji na habari nzuri. Tate alishika, akasikia maji, akasema aksanti.

Hapo ndipo nilianguka, ndugu zangu. Kule Bihambwe nilianguka na pikipiki tu.

Si kila siku nilidanganya. Siku zingine nilienda. Na siku moja, mwanzo wa mvua kubwa, nilienda kweli na nikaona mupasuko. Ulikuwa juu ya mihogo, pale shamba inaishia. Udongo ulijifungua kama mudomo, wa kidole moja tu, lakini murefu. Ulianza upande wa kisima, ukakata mulima wote kwa upana, ukapotea mu majani ngambo ingine. Nikaruka juu yake, nikarudi, nikamuambia kama vile unasema habari ya panya.

Tate aliacha kuchagua maharagi. Akaniomba nirudilie kusema. Wa kidole moja? Murefu namna gani? Majani ya chini yake imesimama ao imelala? Kisha akanieleza kitu ambacho mama yangu mwenyewe hakuwahi kunieleza.

Alikuwa mutoto wa miaka kama kumi, kwao, upande wa Bihambwe. Mama yake aliona mupasuko juu ya nyumba. Baba yake akaujaza udongo na jembe, akapanda maharagi juu, ikaota vizuri sana. Watu walipita wanasifu ile maharagi. Siku moja muchana, yeye tate alikuwa ku kisima na kibuyu yake. Alisikia kelele kama lori inamwanga mawe. Alipogeuka, mulima ulikuwa umeshuka, na pale nyumba ilikuwa, kulikuwa udongo mwekundu wenye kutoa moshi. Baba, mama, na wadogo wake watatu. Hakuna mwenye walipata.

Alieleza bila kulia. Kisha akaniuliza kama tuko na kamba.

Alikata kamba, akaifunga mafundo, kila fundo mbali na ingine kwa upana wa kidole chake. Akaniambia nipige miti mbili, moja juu ya mupasuko na ingine chini, na kila asubui nipime kati ya ile miti na kamba, nishike na kidole pale imefika, nisiachilie, nimuletee ashike mwenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa fundo ya ine: moja, mbili, tatu, ine. Siku ya pili, ya ine. Wiki nzima nilienda vizuri, sababu habari yake ilinitia woga. Ilibaki fundo ya ine.

Kisha mvua ikapumuzika siku mbili, na woga wangu pia. Kule kwa mupika kanyanga walikuwa wanauliza mbona sionekani. Nikaenda. Asubui yenye kufuata kichwa ilikuwa inaniuma, mulima ulikuwa unateleza. Nikaketi nyuma ya nyumba, nikalowesha patalo, nikaweka kidole ku fundo ya ine, nikaingia.

"Ya ine," tate akasema, na uso wake ukalegea.

Nilifanya hivyo siku tisa. Siku ya pili mvua ilirudi na haikuacha tena.

Sasa munisikilize vizuri, sababu hapa njo ninachukia kusema. Ule mulima haukutuficha kitu. Siku ya ine mulango wa nyumba ukaanza kushika chini, lazima kuusukuma na bega. Tate akauliza: "Mulango unashika. Na kamba iko ya ine?" Nikasema ni mbao imevimba na maji. Siku ya tano maji ya kisima ikatoka nyekundu. Siku ya sita maji ikakauka kabisa pale, ikatokea mahali pengine, chini, katikati ya njia, pale hakukuwa maji tangu zamani. Watu wakaweka bido pale, wakafurahi, sababu ni karibu. Kwa mbali, upande wa machimbo, tulikuwa tunasikia bunduki, kidogo kidogo, na watu wote macho yao ilikuwa kule. Hakuna mwenye alitazama nyuma ya nyumba yake.

Ila mama mumoja. Alikuwa wa nyumba ya tatu kutoka juu, mujane, na watoto wanne. Siku ya munane alikuja kwa tate. Aliona migomba yake imeinama, yote upande moja, na hakukuwa upepo. Akauliza kama ahame aende kwa dada yake Kibabi, lakini watoto wako na masomo, na dada yake hana nafasi.

Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo, ku kiti kidogo, nakula muhogo.

Tate akamushika mukono. "Mwanangu, mujukulu wangu anapima kila asubui. Iko fundo ya ine tangu mwanzo. Ikisogea, nitakutumia habari saa ileile."

Yule mama akanitazama, akasema, "Aksanti, kaka. Mungu akubariki." Akarudi kwake, ndani ya mvua, na nguo ya mutoto juu ya kichwa.

Nikamaliza muhogo. Hiyo ndiyo siwezi kusahau. Si ule uongo. Nilimaliza kula.

Asubui ya siku ya kumi, tate hakungoja niende. Alikuwa amevaa bote zake za matope na ameshika fimbo. Akasema: "Leo unanipeleka. Nitashika ile miti na mukono wangu." Nikamuambia kuko matope, ataanguka. Akasema ameanguka mara mingi. Nikaona hakuna njia. Nikamuomba angojee kidogo, nitangulie kutengeneza njia, na nikapanda, na hii muguu, mbio kama muntu wa kuiba.

Sikuona miti yangu mara ya kwanza. Nilitafuta karibu. Muti wa juu ulikuwa pale. Wa chini ulikuwa chini sana, kama vile muntu aliungoa akaupanda pengine. Mupasuko ulikuwa mupana, mutoto angeweza kulala ndani. Maji ya mvua ilikuwa inaingia pale, inashuka, haitoki. Nikaingiza fimbo yangu yote na haikufika chini. Na upande wa chini, mihogo yote, na maharagi, na bati za nyumba saba, nikaona kama vimekaa juu ya kitu chenye kimeshaachana na mulima. Hakukuwa kelele. Ningetaka kungekuwa kelele.

Nitawaambia nilifanya nini. Nilikimbia. Lakini si kwa tate. Kuko njia ndogo ya ngombe, inapita ubavu wa mulima, inashuka ku barabara bila kupita ku nyumba. Nikaishika. Nilikuwa najiambia hakuna mwenye ataniuliza. Kama mulima utaanguka, watu watasema ni mvua. Kama hautaanguka, watasema nilitoroka sababu ya bunduki. Nikatembea hivyo mupaka pale njia inapinda, na pale unaona nyumba kwa ubavu. Nikamuona tate. Alikuwa amesimama mu maharagi, mu mvua, na fimbo yake, uso wake umeelekea juu, kule alijua niko. Alikuwa ananingojea nimuambie anaweza kupanda.

Nikageuka. Sijui kama ni Mungu ao ni aibu. Pasta anasema ni Mungu, na mimi sitabishana naye.

Nikafika mbele yake, nikamuambia: "Tate, nimedanganya. Siku tisa sikupanda. Ile ya ine ilikuwa uongo."

Nilifikiri atanipiga na fimbo. Aliweka mukono ku kifua changu, akaona vile kinapiga.

"Sasa umesema. Uliona nini?"

Nikamuambia yote. Alitingisha kichwa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitaka: "Nenda ku kila nyumba. Usiwaambie tu watoke. Hawatatoka. Mimi niliwaambia iko ya ine na wananiamini. Waambie ulidanganya. Wakisikia uongo wako, njo watasikia mulima."

Nikamuuliza yeye atatoka namna gani. Akasema anajua shamba yake, atapita ku ubavu, nisipoteze wakati.

Ndugu zangu, mulishawahi kubisha ku mulango na kusema "mimi ni muongo" mbele hata ya kusema asubui njema? Nilifanya vile mara sita. Ku nyumba ya pili papa mumoja alinipiga kofi ya kweli, kisha akabeba mama yake mu mugongo, akatoka. Kwa yule mujane, mama hayuko, alikuwa ameenda kutafuta majani ya mboga. Watoto walikuwa karibu na moto. Nikawaambia nifuateni, wakubwa wakashika wadogo, tukatoka kwa ubavu, mimi nalia, wao wananishangaa. Mama yao akatukuta ku njia. Nikamuambia pale pale. Alihesabu watoto wake kwa kugusa kichwa cha kila mumoja, akawaongoza chini.

Nyumba ya sita ilikuwa ya muzee mumoja. Alikuwa anaketi peke yake, watoto wake wameoa wakahama. Yeye ndiye alinipaka mafuta ya dawa ku muguu nilipofika mara ya kwanza. Nikamuambia vile niliwaambia wengine. Alinisikiliza mupaka mwisho, bila kukasirika, akavuta tumbako yake.

Akasema: "Jana ulisema iko muzuri, nikalala. Leo unasema iko mubaya. Mutoto wangu, nikuamini siku gani?"

Nikapiga magoti. Nikavuta mukono wake. Alikuwa muntu munene, na mimi na muguu hii, sikuweza. Alisema atamaliza tumbako, atatazama mwenyewe. Nikaenda ku nyumba ya saba kuita wanaume wanisaidie kumubeba. Tulikuwa tunarudi kwa njia ya ubavu, watatu.

Ilikuwa kama saa ine ya asubui. Mulima haukuanguka kama jiwe. Ulitembea. Mihogo ilishuka ikiwa imesimama, wima, kama watu wanatoka kanisa. Nyumba ya tate ilishuka na mulango wake ukiwa umefungwa. Kisha kelele ikakuja, nyuma ya mambo yenyewe, na udongo ukapita mbele yetu, karibu, upepo wake ukatuangusha. Tuliposimama, hakukuwa nyumba hata moja.

Tate alikuwa ku ubavu, juu ya jiwe, anapiga sufuria na fimbo ili watu wajue mahali pa kukimbilia. Watu wote walikuwa pale. Ila mumoja.

Watu wote walikimbilia mu nyumba ya masomo, chini, na siku ileile chef wa kijiji akauliza namna gani watu walijua kutoka, na namna gani muzee hakutoka. Tate akanishika ku mukono, akasimama na mimi. Hakusema kwa niaba yangu. Nilisema mwenyewe, mbele ya wote, pamoja na maji ya bido na kidole ku fundo. Mutoto mwanaume wa yule muzee alikuwa amefika na mbio. Alisema jambo moja tu, kwamba nisikanyage ku kilio cha baba yake.

Nilitaka kuondoka. Tate akasema: "Ku kilio hutaenda. Lakini udongo wa kuchimba uko mingi." Nikachimba. Nilichimba mbali nao, upande wangu, na kipande ya mbao, sababu sikukuwa na jembe. Siku mbili hakuna mwenye aliniongelesha. Siku ya tatu yule mwanaume akapita karibu na mimi, akaacha jembe yake chini, pale mbele ya miguu yangu, akaenda kuchukua ingine. Hakunitazama. Tulimupata baba yake jioni ile, upande wangu, na jembe ile.

Kuna kitu kimoja nilimuuliza tate kisha. Tulikuwa tumehamia hapa, kwa mujomba. Nilimuuliza: wewe ulijua nikikunywa kwa kusikia miguu tu. Namna gani siku tisa haukujua? Akasema: "Mulango uliniambia. Kisima pia kiliniambia. Nilikuwa muzee, nimechoka, na sikutaka mulima wa pili katika maisha yangu. Nilitaka iwe ya ine. Wewe ulidanganya, na mimi nilinunua." Hilo pia alinifundisha. Hakunipa uzito wote nibebe peke yangu, na hakuniondolea ule wa kwangu.

Alikufa mwaka jana, wakati wa kiangazi, ku kitanda, mukono wake ndani ya mukono wa mujomba wangu. Kila asubui mupaka ile ya mwisho aliniuliza niliona nini. Siku zingine nilimujibu: leo nimeona kanyanga tu, usiku na muchana. Anasema sawa, tuanzie hapo.

Nawashukuru. Mujomba wangu, yuko pale nyuma, alitupa chumba na hakutuuliza tutatoka lini. Yule mama mujane, alikuja ku maziko ya tate na watoto wote wanne, akanisalimia kwa mukono. Mwenye jembe, nisimutaje. Na ninyi wa kikao hiki, mulinipokea na harufu yangu.

Papa mwenye kutuongoza, mwenye kuandika siku zetu mu daftari, aliniomba leo niwaambie watu wapya kwamba mimi nimemaliza miaka mbili bila kugusa pombe. Ni vizuri kwa kuwatia moyo, alisema.

Siku ya kwanza ya wiki hii nilikunywa. Vikombe viwili, kule nyuma ya soko, kwa sababu ambayo haiko sababu. Hakuna mwenye aliniona. Jana nilienda kwa mama ya mutoto wangu, nikamuambia yeye wa kwanza. Alikuwa anamenya muhogo, hakuacha kumenya. Akasema: "Hii mara ulikuja kuniambia bila mimi kuuliza." Kisha akasukuma kiti kwa upande wangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nyinyi wapya, somo langu ni hili tu, na ni la tate. Muntu mwenye anakutegemea anaweza kuishi na ubaya wako kama anaujua. Ataweka nyumba yake mbali, atashika watoto, atajua pa kukanyaga. Asichoweza ni kuishi juu ya uzuri ambao hauko.

Papa, katika daftari yako ufute miaka mbili. Uandike siku tatu.